Ngoma Niliyoiacha Kitui

Siku hiyo kwenye lori tulikuwa watu kumi na mmoja. Mbele walikaa Bwana Hassan, mwenye lori, ambaye siku nyingine zote alilibebea mbuzi, na Mwalimu Musembi wa chuo kikuu, aliyekuja kutuchukua. Nyuma, juu ya magunia yaliyojazwa nyasi kavu, walikaa Susu Kavata, Susu Ndanu, Mbula, Syombua, Kamene, Wayua na Mama Mukulu, kisha mimi Nduku na mdogo wetu Mwende, ambaye sikuwa na mtu wa kumwachia. Susu ni nyanya kwa Kikamba, na sisi watoto wa upande wa Kambu tulimwita hivyo mwanamke yeyote mwenye mvi, awe wetu au asiwe. Mutinda, ndugu yetu wa katikati, hakuwa kwenye lori. Alikuwa ametangulia alfajiri kwa basi la shule pamoja na kwaya ya kanisa na Pasta Nzioka. Lakini mchana tulikuwa sote chini ya paa moja kule Kitui, kwa hivyo na wao nawahesabu.

Nimeanza na majina kwa sababu yanapungua. Wiki mbili zilizopita tulimzika Susu Kavata, na kati ya wale wanawake saba sasa amebaki Ndanu peke yake. Kwenye mazishi nilisimamia jikoni, kama ninavyofanya kwenye mazishi mengi ya upande wetu. Mwende alitoka Nairobi. Mutinda alishuka kutoka Nunguni, ambako anafundisha sekondari, akapewa kiti kwenye hema la wageni. Watu walilia, wengine hadi wakashikwa. Mimi niliangalia wali usishike chini. Mama mmoja aliyekuwa akimenya viazi alimwambia mwenzake, bila kujali kwamba nasikia, "Huyu hata mtu wake akizikwa yeye huuliza tu chumvi iko wapi." Hakuwa na ubaya. Ni kweli. Kuna mwaka mmoja ambao kitu fulani ndani yangu kilinyamaza, nikadhani kinapumzika, na kimekaa hivyo hadi leo.

Mwaka huo nilikuwa na miaka ishirini. Shule nilikuwa nimeiacha kidato cha pili, na jinsi tulivyobaki watatu peke yetu sitaieleza hapa, wanaotujua wanajua. Nyumba yetu ilikuwa ya vyumba viwili, mbali kidogo na barabara kuu, lakini upepo ukivuma upande wetu tulisikia malori ya Mombasa kana kwamba yanapita uani. Chumba cha kwanza kilikuwa na meza, stuli tatu na kabati lisilofunga vizuri, ambalo tulilizuia kwa kipande cha kiatu. Tulikula muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na kuchemshwa na mbaazi. Niliupika Jumapili, sufuria moja kubwa, tukaula hadi Jumatano. Jumatano ulikuwa umeanza kuchacha, tukaumaliza hivyo hivyo. Watu hunihurumia nikitaja mwaka huo, wanadhani nilikuwa na huzuni. Sikumbuki huzuni. Nakumbuka kwamba nilijua kila siku mahindi yamebaki kiasi gani, na kwamba Mwende alipokuwa akiongea nami ilibidi anivute nguo kwanza.

Mutinda alikuwa kidato cha kwanza, na karo yake ililipwa na kanisa. Pasta Nzioka ndiye aliyelizungumza jambo hilo mbele ya wazee wa kanisa, wakakubali, na kila mwisho wa mwezi akatuletea debe la mahindi pia. Mutinda alikuwa na kichwa. Mimi sikuwa na mpango wowote maishani isipokuwa kwamba asirudishwe nyumbani. Kila nilichofanya mwaka huo, na kila nilichokataa kufanya, ukikichimba chini utakuta jambo hilo moja.

Mwezi wa tisa, kabla ya mvua, Susu Kavata alikuja na wenzake sita, kila mmoja na jembe lake. Hawakuuliza. Mitaro ya shamba letu ilikuwa imejaa mchanga, na mvua ikinyesha hivyo udongo wote ungeshuka mtoni. Kazi ya namna hiyo kwetu huitwa mwethya: watu wanakuja kwako leo, nawe kesho unakwenda kwao, siku kwa siku, na hakuna anayeandika kwa sababu hakuna anayesahau. Siku ya kwanza nilishika jembe nikachimba nao, na jua lilipopanda nikaanguka. Nilikuwa nimewaachia watoto uji wa asubuhi. Kavata aliniinua, akaninyang'anya jembe, akanipa mtungi mtupu wa plastiki.

"Kaa kivulini utupigie," alisema. "Tukiimba bila kitu cha kupigwa, Syombua anachimba kama anakwaruza ukoko wa ugali."

"Na wewe unachimba kama umesikia mume wako alifukia pesa hapa," Syombua alijibu bila kuinua kichwa.

Nilipiga mtungi ule siku saba. Nilikuwa nimesikia nyimbo zao tangu utotoni, sikuhitaji kufunzwa. Wao waliimba wakacheka, wakataniana, wimbo mwingine ukawashika mpaka wakaacha kuchimba, na mimi nikapiga vile vile nilivyoanza. Siku ya nne Ndanu alisimama akaegemea jembe, akanitazama kwa muda. "Mkono wa huyu haukimbii," aliwaambia wenzake. "Mwingine wimbo ukimgusa mkono unakimbia. Huyu mkono hauna habari." Walikubaliana, kama watu wanaosifu ng'ombe wa jirani. Ndiyo sifa ya kwanza niliyopata mwaka huo, na sikuona kwamba ilikuwa pia ugonjwa.

Mwalimu Musembi alikuja mwezi wa pili kwa pikipiki, suruali ikiwa nyekundu kwa vumbi. Tulikuwa kwa Kavata tukipura ndengu. Alieleza kwamba chuo chake kule Kitui kingekuwa na wiki ya sanaa na utamaduni, na kwamba haikuwa ya wanafunzi peke yao. Lango lingekuwa wazi. Wenye kusuka vyondo wangekuja, wenye kuchonga wangekuja, kwaya, waigizaji, na wazee wenye ngoma zao. Alikuwa amesikia kwamba kundi la Kavata ndilo la mwisho upande wetu linalocheza kilumi. Hapo niseme kidogo. Kilumi ni ngoma ya wanawake wazee. Zamani ilichezwa mvua ikikawia au mtu akiugua ugonjwa usiojulikana, na ikichezwa sawasawa kuna anayechukuliwa na pepo katikati yake. Kwa sababu hiyo makanisa yetu hayaitaki hata kuisikia. Kavata na wenzake waliicheza wakijua hivyo, na Jumapili walikaa nyumbani.

Musembi alitoa karatasi ya kujaza. Mimi ndiye niliyejua kusoma, nikaisoma. Jina la kundi, idadi ya watu, muda jukwaani: dakika kumi na mbili.

"Dakika kumi na mbili ni kiasi gani?" Mbula aliuliza.

"Kama maji ya uji kuchemka," nilisema.

"Kilumi ya kuchemsha maji," Ndanu alisema. "Mwalimu, saa hiyo hata pepo hajapata viatu vyake."

Musembi alicheka nao. "Susu, hii ni ya jukwaani tu. Ni kuonyesha watu. Si ile yenyewe."

Kavata hakucheka. "Na ngoma utaiambia vipi," aliuliza, "kwamba leo ni ya kuonyesha tu?"

Lakini walitaka kwenda. Hilo nalielewa sasa kuliko wakati ule. Hakuna mtu aliyekuwa amewaita mahali popote kwa miaka mingi. Shida ilikuwa mpigaji. Mpigaji wao alikuwa amehamia Mombasa kwa binti yake. Kavata alinigeukia, mikono ikiwa bado ndani ya maganda ya ndengu. "Siku zetu saba za shamba lako hatuzitaki," alisema. "Wewe una watoto, na sisi migongo imechoka kuongeza mashamba. Tupe siku moja, Kitui, tumalizane." Ilikuwa haki. Kwa mwethya huwezi kumwambia mtu hapana, na siku moja kwa siku saba hakuna mwingine angenipa. Nilikubali kama mtu anayekubali kubadilishana vibaba.

Nilifunzwa michana mitatu jikoni kwa Kavata. Ngoma ilikaa juu ya moto, imefungwa kwenye boriti za paa, nyeusi kwa moshi, ndefu kama mtoto wa darasa la pili. Unaipanda kama punda, kichwa chake kikiwa mbele yako, na unapiga kwa viganja. Mapigo yalikuwa rahisi. Kilichochukua muda ni sheria, na sheria ilikuwa moja. Kavata aliisema huku akichagua mawe kwenye mbaazi.

"Mtu akichukuliwa, ngoma haikatwi. Mkono uliomwita ndio unaomrudisha. Ukimwacha katikati anabaki njiani, na hakuna mkono mwingine utamfikia."

"Anabaki mpaka lini?"

"Mpaka umalize."

"Na mpigaji akikataa?"

"Basi anangoja," alisema, akatupa jiwe mlangoni. Alisema kama mtu anayekueleza jinsi ya kuhifadhi mbaazi zisiliwe na wadudu. Nilisema nimeelewa. Kuelewa kulikuwa rahisi kwangu mwaka huo, kama kubeba gunia ukiwa huna hisia begani.

Pasta Nzioka alikuja mwisho wa mwezi na debe lake. Aliketi kwenye stuli ya Mwende, magoti yakimfika kifuani, akanywa maji. Ninataka ieleweke kwamba alikuwa mtu mwema. Kulikuwa na watu wengine kanisani waliosema yatima wa nyumba ile wapelekwe kwa ndugu zao mbalimbali, na ni yeye aliyesema hapana, wakae pamoja.

"Nduku, nimesikia," alisema.

"Ndiyo, Pasta."

"Wazee wakikaa kikao wananiuliza mimi. Na mimi Mungu alinipa macho mawili tu. Kitu sijaona nitasema sijaona, na nitalala vizuri. Umenielewa?"

"Nimeelewa."

"Lakini nikiona, nimeona. Hapo sina la kufanya."

Kwaya yake pia ilikuwa imealikwa, na Mutinda aliimba sauti ya tatu. Nikamuuliza wanaimba saa ngapi. "Saa nne," alisema. "Saa sita tuko barabarani." Sisi tulikuwa tumepangiwa saa nane. Tulitazamana kidogo, kila mmoja akajua mwenzake amehesabu, kisha akaomba, akatuombea hata ng'ombe ambao hatukuwa nao, akaenda.

Barabara ya Kibwezi kwenda Kitui haikuwa na lami wakati huo. Tulivuka mto Athi jua likichomoza, na tulipofika Mutomo kusimama kunywa chai wanawake walikuwa wamekuwa wekundu hadi nyusi. Walikuwa wameimba njia yote. Bwana Hassan alizunguka nyuma kufungua mlango wa lori, akajifuta uso kwa kitambaa. "Mama zangu, mimi nimebeba mbuzi miaka kumi na tano," alisema, "na mbuzi hawajawahi kuniimbia kutoka Kambu mpaka hapa."

"Mbuzi wako wanajua wanakoenda," Ndanu alimwambia, na Hassan alicheka mpaka akamlipia chai.

Nilikuwa nimejiandalia la kumwambia askari wa lango la chuo akiniuliza nimesoma hadi wapi. Sijui kwa nini nilidhani ataniuliza. Hakuniuliza kitu, alitupungia mkono tupite. Ndani kulikuwa na watu kama wa siku ya soko: mama za Kitui mjini na watoto mgongoni, wazee wa bodaboda na kofia zao, wasichana wa shule wenye sare, wanafunzi wenyewe wakikimbia na waya. Ukumbini kulikuwa na mchezo wa kuigiza kuhusu ukame, na kijana mwenye ndevu za pamba alipoanguka akijifanya njaa, mama mmoja nyuma alisema kwa sauti, "Mwinueni, ametoka kula chapati, nimemwona." Watu wote walicheka, na kijana akacheka chini pale alipokuwa amekufa. Kwenye ukuta wa nje walikuwa wametundika michoro ya wanafunzi. Mmoja ulikuwa wa mwanamke aliyebeba maji, bila uso. Kamene alisimama mbele yake kwa muda.

"Huyu ulisahau kumweka uso?" alimuuliza msichana aliyeuchora.

"Hapana, Susu. Nilimwacha hivyo ili awe kila mama."

"Mimi nina uso," Kamene alisema.

Tulipewa darasa moja la kungojea. Viti vyake vilikuwa vya chuma, kila kimoja na ubao mdogo wa kuandikia upande wa kulia. Niliketi, na mkono wangu ukajilaza wenyewe juu ya ule ubao kama uliotumwa. Mbele kulikuwa na maandishi ya somo la mtu mwingine, nusu yamefutwa. Nilijaribu kuona kama jambo hilo linaniuma. Niliangalia ndani, kama mtu anayeangalia ghala, na hakukuwa na kitu. Mwende alikuwa akizungusha miguu kwenye kiti kingine. Aliniuliza kama hapa ndipo watu wanaposomea udaktari, nikamwambia sijui, afunge viatu.

Kisha saa nne ikapita, na saa tano, na kila kitu kikasimama kwa sababu mgeni wa heshima hakuwa amefika. Hakuna aliyeshangaa. Wageni wa heshima wa nchi hii hawajafika saa nne tangu nizaliwe, na mtu mwenye akili angehesabu hilo. Mimi na Pasta, tuliohesabu kila kitu, hilo hatukulihesabu. Mgeni alifika saa saba. Kwaya iliimba saa nane kasoro. Baada ya kuimba waliambiwa waketi safu ya tatu, wangoje picha ya pamoja mwishoni. Nilijua haya yote nikiwa mlangoni na ngoma mkononi, kwa sababu Mwalimu Musembi alinieleza akiwa na furaha sana. Ukumbi umejaa, alisema. Hata kanisa lenu limebaki.

Ningeweza kusema hapo naumwa tumbo. Nimelifikiria sana. Lakini wanawake walikuwa wamejipaka mafuta miguu, wamevaa zile nguo nyekundu na nyeusi walizozikunja kwenye sanduku, na filimbi ilikuwa tayari mdomoni mwa Wayua. Nilikwenda nikapanda ngoma. Nilianza kupiga nikitazama sakafu. Walicheza kwa mabega, kama kilumi inavyochezwa, miguu ikisonga kidogo sana, na ukumbi ulikuwa na kelele mwanzoni, kisha ukapunguza. Nadhani ilikuwa dakika ya nane au ya tisa. Kavata aliacha kuimba. Nilijua bila kuinua macho, kwa sababu sauti moja ilikosekana chini ya nyingine. Aliporudi mbele yangu uso wake haukuwa ukinitazama mimi wala mtu yeyote. Alipiga magoti, mabega yakiendelea, na wenzake wakamzunguka wakaimba kwa nguvu zaidi, kwa sababu sasa haikuwa ya kuonyesha tena.

Mwanafunzi aliyeshika maikrofoni alitazama saa yake, akaninyooshea vidole viwili, dakika mbili zimebaki. Nikainua macho. Pasta alikuwa safu ya tatu, amenitazama. Kisha akainamisha kichwa akaanza kusoma karatasi ya ratiba, na aliisoma upande ambao haukuandikwa kitu. Alikuwa akinipa nafasi. Kando yake wazee wawili wa kanisa, waliokuja na kwaya, walikuwa wamesimama, tayari kutoka, mmoja ameshika kofia yake. Na kando yao alikaa Mutinda na shati la kwaya, mikono juu ya magoti. Hakutikisa kichwa, hakuonyesha hasira. Aliinua kiganja kimoja kidogo tu kutoka kwenye goti, akakishusha tena, polepole, kama unavyomtuliza mbwa.

Niliondoa mikono kwenye ngoma nikaiweka kwenye mapaja yangu.

Watu walipiga makofi. Walisimama, wengine wakapiga vigelegele. Walidhani ndivyo inavyoisha, kwamba mzee yule anaigiza, na kwa kweli anaigiza vizuri kuliko yule kijana wa ndevu za pamba. Mabega ya Kavata yaliendelea kidogo bila ngoma, kama feni iliyozimwa, kisha yakasimama. Ndanu aliniinamia. "Piga," alisema. Nikatazama mikono yangu. "Piga, mwiitu. Piga." Mwiitu ni msichana. Hakunikemea, alisema kama mtu anayemwita aliyelala. Mwanafunzi mwenye maikrofoni akaliita kundi lililofuata.

Walimbeba hadi lile darasa. Chuo kilikuwa kimetuwekea mkate na soda juu ya meza ya mwalimu. Walimkalisha Kavata kwenye kiti chenye ubao, Mbula akampa soda, akaishika bila kuinywa. Macho yalikuwa wazi. Ndanu aliufunga mlango, akasema kwa sauti ya chini, "Hapa hapa. Hata kwa ubao huu. Hata kwa vidole." Nilikuwa nimeshanyoosha mkono. Nasema kweli, nilikuwa nimeunyoosha. Mlango ukafunguliwa, akaingia Mutinda.

"Wazee wanauliza," alisema, akimtazama Mwende badala yangu, "kama wewe ni wa hiki kikundi ama ulikuwa unasaidia tu."

"Waambie nilikuwa nasaidia."

"Na imeisha?"

Wanawake sita walikuwa wakinitazama. Wa saba alikuwa akitazama ubao wenye maandishi yaliyofutwa nusu.

"Imeisha," nilisema.

Kavata aligeuza kichwa wakati huo. Ndilo jambo pekee alilofanya. Alimtazama Mutinda, kisha mkate uliokuwa mezani. "Mpe mtoto mkate," alisema.

Karo ililipwa. Wazee walikaa kikao, Pasta akasema msichana alikuwa akisaidia majirani waliomlimia shamba, jambo ambalo lilikuwa kweli, na yakaisha. Mutinda hakukosa shule hata siku moja. Kavata hakucheza tena. Wengine walisema ni umri, na kliniki ilisema ni presha. Mimi sisemi ni nini, nasema nilichoona. Akimimina maji alikuwa akisimama katikati, mtungi ukiwa umeinama, kama mtu aliyesikia akiitwa kutoka mbali na anangoja aitwe mara ya pili. Sufuria zake ziliungua. Mwezi wa nne mvua ilipobomoa mtaro wetu wa juu alikuja na jembe, akachimba, na kati ya jembe na jembe alikuwa akisimama vile. Alinisalimu kila aliponiona, "Wakya, Nduku," salamu ya mkubwa kwa mdogo, nami nikamjibu, "Aa," inavyopasa. Hakunidai. Hakuniangalia mikono.

Mwezi wa nane chuo kilifungua lango tena. Mwalimu Musembi alikuwa ameyaweka yale yote aliyoyarekodi wiki ile ya sanaa kwenye chumba kimoja, na mtu yeyote angeweza kuingia, kuketi, kuvaa vile vya masikioni na kusikiliza. Nilikwenda na lori la Hassan, aliyekuwa akifuata mbuzi upande huo. Niliketi. Nilisikia filimbi ya Wayua, na mapigo yangu, yasiyokimbia kabisa, na nikasikia sauti ya Kavata ikitoka chini ya nyingine. Kisha mapigo yakakatika, na kabla ya makofi kuanza kulikuwa na nafasi ndogo ambayo siku ile sikuisikia. Ndani yake kulikuwa na pumzi za mtu mmoja. Nilingoja nilie. Mzee aliyekuwa nyuma yangu kwenye foleni alinigusa bega. "Umemaliza?" aliuliza. Nikamwambia ndiyo, nikampa vya masikioni. Musembi alinisindikiza hadi nje. "Mlimaliza vizuri sana," alisema. "Dakika kumi na mbili kamili. Makundi mengi hayajui kumaliza." Nilimwambia asante.

Ningeweza kwenda kwa Kavata wiki ile, mchana, watu wakiwa shambani. Lakini Mutinda alikuwa na miaka miwili mbele yake, na baada yake kanisa lilimchukua Mwende. Mwende alipomaliza mimi mwenyewe nilikuwa nimewekwa kuwa mmoja wa wazee wa kanisa, mwanamke wa kwanza kwetu, na ngoma ile isingepigwa nyumba yoyote bila kusikika. Kila mara ulikuwa umebaki mwaka mmoja tu.

Siku ya mazishi, watu walipokwisha kula, nilimpelekea Ndanu sahani yake nyuma ya jikoni. Hana meno, nilikuwa nimempondea viazi kwenye supu. Alikula polepole.

"Aliwahi kukuuliza?" alisema.

"Hata siku moja."

"Hangeuliza. Huwezi kumdai mtoto aliyekuwa akilea watoto."

"Susu, sasa amekufa. Si imeisha?"

"Imeisha ulisema Kitui." Alipangusa mdomo kwa kiganja. "Aliyekufa akiwa njiani anangoja njiani. Ngoma iko kwangu, juu ya moto. Mimi nikienda hakuna mtu atajua unadaiwa. Utakuwa ni wewe tu, na wewe unajua kunyamaza."

Mutinda alikuja kutoka hemani kuuliza maji ya wageni, koti lake likiwa limekunjwa mkononi. Alimwinamia Ndanu akamsalimu kwa heshima, nikampa mtungi, akaenda nao akiwa ameinama upande mmoja kwa uzito. Nilimtazama hadi alipofika. Nikirudishwa leo pale jukwaani, na yeye yuko safu ya tatu, nitaondoa mikono tena, saa ile ile. Hilo ndilo linalonizuia kumwambia mtu kwamba najuta. Nilikwenda Kitui kulipa siku saba, na nilichorudi nacho sijawahi kukigusa.

"Umesikia?" Ndanu aliuliza.

"Nimesikia, Susu."

Hakuniuliza lini, na mimi sikumwambia.